Kindi mdogo kabisa duniani na nondo mzito kabisa, nani mzito? Kuna kreti la soda hapa linasubiri jibu

Kibatari wa Moro

Wakuu habari za usiku, naombeni msaada wa haraka maana hapa nyumbani hapakaliki.

Iko hivi. Juzi umeme umekatika kama kawaida yake, tumekaa barazani mimi na shemeji yangu (kaka yake mke wangu, yuko likizo kwetu), tumewasha taa ya sola, mara likaingia linondo moja la kahawia, kubwa hilo, linapiga mabawa ukutani ptu ptu ptu mpaka mtoto akakimbilia ndani akijua ni popo. Mimi nikavua kandambili nilimalize, shemeji akanidaka mkono eti mwache huyo bado mtoto, huko duniani kuna nondo mzito kuliko kindi. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kindi! Mnyama mwenye mifupa, mwenye damu, ana meno ya kupasua korosho, mkia kama brashi ya rangi, leo azidiwe uzito na mdudu anayekufa kwa kugonga globu?

Basi maneno yakawa mengi, mke wangu akatoka kutunyamazisha akaambiwa awe shahidi, tukawekeana kreti zima la soda. Masharti nimeyaandika nyuma ya risiti ya luku, nayanukuu: "kuna nondo mzito kuliko kindi, kindi awe amekomaa sio kitoto, nondo awe nondo sio kipepeo, kipimo ni mzani." Tumesaini wote watatu.

Mimi shule nimeishia HKL (historia, Kiswahili na lugha ya Kiingereza), mambo ya wadudu sijui, shemeji naye ni fundi friji, sasa sijui haya kayatoa wapi. Wenye nondo shusheni nondo.

fundi_mikonge

Mbona rahisi hilo. Nondo ya milimita 16, urefu mita 12, ni karibu kilo 19. Nondo ya 12 ni kilo 10 na ushee. Kindi gani atafika hapo? Lipa soda.

Kibatari wa Moro

Hahaha fundi usinimalize, nazungumzia nondo mwenye mabawa. Ila nyie ndo mnafanya nyumba zetu zinachelewa kuisha, mtu unaulizwa swali la baiolojia unawaza zege.

Mwalimu Jioni

Kibatari pole ndugu yangu, shemeji yako hakukurupuka. Ila usitoke kwenda dukani kwanza, tuelewane kindi gani maana hapo ndo penye kazi.

Kindi tunaowajua sisi, hawa wa kwenye miembe na mikorosho, kuchakuro kwa wengine, kidiri kwa watu wa pwani, hao waweke pembeni, hakuna nondo wa kuwagusa. Lakini ukoo wa kindi ni mpana mno, na huko ndani kuna kamoja kanaishi misitu ya kule katikati-magharibi ya Afrika, Gabon, Kameruni, Guinea ya Ikweta pamoja na kisiwa chake cha Bioko, Kongo Brazzaville na kipande cha Nigeria. Jina lake la kisayansi Myosciurus pumilio. Yuko peke yake kwenye jenasi yake. Kuanzia pua mpaka shina la mkia ni kama sentimita 7 na nusu, mkia sentimita 6 hivi, na mtu mzima wa hao ana gramu kama 16 na nusu. Narudia gramu. Panya mdogo wa nyumbani anayekutobolea mfuko wa unga mara nyingi anamzidi.

Alielezwa rasmi kwenye sayansi mwaka 1857 lakini maisha yake yalikuja kujulikana vizuri baadaye sana, miaka ya 1970, pale mtafiti Mmarekani Louise Emmons alipokaa msituni Gabon akifuatilia kindi aina tisa wanaoishi msitu mmoja, kazi yake ikatoka 1980. Na hapo ndo panaponifurahisha mimi, maana katika hao tisa yumo huyu wa gramu 16 na yumo Protoxerus stangeri, lile kindi kubwa la msituni ambalo hata Kakamega lipo, linapita nusu kilo. Ukoo mmoja, msitu mmoja, mmoja baiskeli mwenzake fuso. Na hawagombani sana kwa sababu kila mmoja ana chakula chake, huyu mkubwa anavunja mbegu ngumu, huyu mdogo kutwa yuko kwenye mashina na matawi, mara kichwa chini mara yuko upande wa chini wa tawi kama mjusi, anakwangua magome kwa meno, anaokota na wadudu wadogo. Hatulii. Ukimwona ametulia labda ameshakuona.

Kuhusu nondo mwenyewe, jibu liko Australia, namwachia mtu wa huko kama yupo.

Mdigo wa Queensland

Nimeitwa nimeitika.

Niko huku mwaka wa sita, Brisbane. Mwaka wa kwanza nilikuwa kibarua kwenye ghala, zamu ya usiku. Natoka kuvuta hewa kwenye mlango wa nyuma naona mtu kasahau glovu ya kijivu ukutani, imening'inia chini ya taa. Nikasema ngoja nimpelekee mwenyewe. Nanyoosha mkono glovu ikasogeza mguu. Wallahi nilipiga ukelele wa Kidigo ambao huku hakuna aliyeuelewa lakini wote waliuelewa.

Huyo anaitwa Endoxyla cinereus, kwa lugha ya huku ni nondo mkubwa wa mbao. Jike lake linafika gramu 30 na mabawa yakitandazwa kutoka ncha hii mpaka ile yanafika sentimita 23. Ndiye nondo mzito kuliko wote. Mwaka 2021 mafundi waliokuwa wanajenga kwenye shule moja ya msingi pale Mount Cotton, sio mbali na huku, walimkuta mmoja wakampiga picha na hiyo picha ikazunguka dunia nzima, nadhani shemeji kaiona hapo. Watoto wa ile shule waliachiwa waandike hadithi kuhusu yeye, wakamfanya zimwi la kula walimu.

Kwa hiyo Mwalimu akikupa kindi wa gramu 16 na nusu mimi nakupa nondo wa gramu 30. Kindi mmoja na nusu kwenye sahani moja ya mzani bado sahani ya nondo inataka kushuka chini. Kanunue soda.

Kibatari wa Moro

Ngoja ngoja ngoja. Hapa naona mnanibana kama mwizi wa kuku. Huyo kindi hayuko Tanzania, nondo naye hayuko Tanzania, hawajawahi kuonana hata siku moja, mmechukua mdogo kuliko wote wa huku mkamlinganisha na mkubwa kuliko wote wa kule, hiyo si sawa na kuchukua Mmasai mfupi kuliko wote na mtoto mrefu wa chekechea? Haki iko wapi

Halafu gramu 30 ndo nini, mimi gramu naijua kwenye dhahabu tu, nipeni kitu ninachokishika.

Duka la Vitabu Ilala

Nikusaidie na ninachokishika mimi kutwa nzima. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile iliyoandikwa 80 kwenye bando, moja ni gramu 5, wala haipungui wala haizidi kitu cha maana. Maana ile 80 ni gramu za mita moja ya mraba na A4 kumi na sita ndo zinatimiza mita moja ya mraba, gawanya mwenyewe.

Sasa chukua karatasi tatu na kipande, weka kiganjani. Hapo umemshika kindi, pamoja na moyo wake, mapafu, meno na mkia. Halafu chukua karatasi sita. Huyo nondo. Tofauti utaisikia mkononi kabisa. Nimejaribu hapa dukani sasa hivi mteja ananiangalia anadhani nimeanza kuumwa.

Kibatari wa Moro

Daah. Nimejaribu na mimi, nimechana daftari la mtoto, kesho mwalimu wake atanisema. Karatasi tatu kindi mzima? Kweli Mungu fundi.

Hakimu wa Kijiweni

Nimesoma mkataba nyuma ya risiti. Maneno ni "kuna nondo mzito kuliko kindi". Neno la muhimu hapo ni KUNA. Mdai hakusema kila nondo wala kila kindi, amesema kuna. Akileta nondo mmoja na kindi mmoja aliyekomaa basi ameshinda. Ungetaka kujikinga ungeandika "kindi wa Morogoro". Hukuandika. HKL ulisoma nini sasa wewe, hiyo L ndo lugha.

Ila nina swali kwa Mdigo kabla sijagonga rungu. Umesema JIKE linafika gramu 30. Dume je?

Mdigo wa Queensland

Hakimu umenikamata pazuri. Dume ni kama nusu ya jike. Kwa hiyo lile dume kubwa kabisa ukiliweka na kindi wa Mwalimu wanakaribiana, mzani unacheza cheza.

Na hata hilo jike, uzito wake wa kifua mbele ni wa siku chache tu. Tumbo lote lile ni mayai na mafuta, linataga mayai mpaka 20,000 hivi. Akishataga anabaki ganda. Kuruka kwenyewe anaruka kwa shida, wengi unawakuta wamekaa tu kwenye nguzo au shina la mti, ukimwona anapanda taratibu utadhani mama mjamzito anapanda ngazi za ghorofani lifti imeharibika.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui. Huyo nondo mkubwa HALI. Hana mdomo wa kulia. Chakula chote alikula akiwa buu, ndani ya mti wa mkaratusi, anachimba handaki kwenye shina anakaa humo anakula mpaka ananenepa kama kidole gumba cha bondia, inaweza kuchukua miaka mitatu hivi, halafu anajigeuza, anatoka, anaishi siku chache anapandana anataga anakufa. Na humo ndani ya mti hayuko salama, kuna kasuku wakubwa weusi wenye manjano mkiani huku, hao wana midomo kama koleo, wanasikia buu ndani ya shina wanachana mti wanamtoa. Mti unabaki na jeraha utafikiri umepigwa shoka.

Mwalimu Jioni

Hapo ndo utamu ulipo sasa. Hawa wawili hata wakiwa na uzito sawa kabisa sio sawa. Nondo yule ni mstaafu, kafanya kazi ujana wote ndani ya mti, kapokea mafao yake kwa mkupuo, sasa anakula akiba na ikiisha ndo basi. Kindi yule ni kibarua wa kutwa. Hana akiba. Asipopata leo leo hiihii analala vibaya.

Na sababu ya kuwa kibarua ni ule udogo wake. Kibatari chukua chai ileile, mimina kwenye kikombe cha kahawa na nyingine iache kwenye sufuria la shughuli. Kikombe kinapoa unakiangalia, sufuria mpaka jioni bado vuguvugu. Mnyama mwenye damu moto ni chai. Akiwa mdogo ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na kilichomo ndani, joto linatoroka pande zote, inabidi achochee moto muda wote, na kuni zake ni chakula. Ndo maana huyu kindi hatulii na ndo maana hakuna mnyama wa maziwa wa kushuka sana chini ya gramu 2 hivi, kuna kirukanjia mmoja na popo mmoja wa Thailand wanaishia hapohapo. Kindi wetu yuko mbali na huo mpaka lakini anausikia harufu.

Mdudu hana hilo deni. Akikaa anaacha mwili upoe kama jiwe, hagharamii chochote. Anataka kuruka ndo anawasha. Umeshaona nondo kabla ya kuruka anatetemeka mabawa brrrr kama dakika hivi? Yule hababaiki, anapasha injini. Wapo nondo wanene wanaopandisha joto la kifua mpaka karibu nyuzi 40, joto kuliko letu, ndo wanaondoka. Akitua anazima.

Kibatari wa Moro

Aisee mwalimu kumbe yule wa kwangu pale ukutani alikuwa anapasha, mimi nikajua anaomba msamaha.

Otis wa Kakamega

Wasee wa bonde na bara salamu. Hilo kindi kubwa la Protoxerus niko nalo hapa nyuma ya nyumba, kelele zake asubuhi ni kama mtu anasugua kinu, nashukuru limetajwa.

Lakini mnaona aje, Kibatari analia ati hawa wawili hawajawahi kuonana. Sawa, basi twende Borneo, kile kisiwa cha Asia, huko tunapata wote wawili kwa msitu mmoja. Kuna kindi mdogo wa Borneo anaitwa Exilisciurus exilis, huyo na wa Gabon wanagombania kiti cha udogo, mwili sentimita 7 na kitu, uzito pia unazunguka hapohapo kwa gramu 17. Na katika hiyo Borneo kuna nondo wa Attacus atlas, mabawa yake yanafika sentimita 24, 25. Sasa mchukue huyo kindi umnyooshe na mkia wake, bado nondo anamfunika kama blanketi na inabaki ya kukunja. Kwa hiyo kama shindano lingekuwa la UKUBWA wa kuonekana, nondo ameshinda hata bila kwenda Australia. Lakini kwa mzani hapo kindi anarudi juu, sababu Atlas ni mabawa tu, mwili wake ni kitu kidogo kimevaa kanzu kubwa.

Na hizo ncha za mabawa yake zimechorwa kama kichwa cha nyoka, macho na mdomo, ndege akimwangalia kwa pembeni anaona swila. Mwaka 2022 mmoja alipatikana kule jimbo la Washington Marekani, ndo mara ya kwanza kuthibitishwa huko, maafisa wa kilimo wakatoka mbio. Huyu pia hana mdomo wa kula.

Hakimu wa Kijiweni

Borneo haimo kwenye mkataba lakini mahakama imefurahi.

mama_asali

Jamani nami niingie ingawa sina kindi. Mimi nafuga nyuki, Tabora huku. Mnavyosema nondo wapole hawali sijui wastaafu, njooni mwone wa kwangu.

Kwanza kuna nondo wa nta, huyo mdogo wala simtaji, anatutia hasara tu, unafungua mzinga uliodhoofu unakuta masega yote yamekuwa utando na vijibuu. Lakini kuna mwingine, mkubwa, mwili umenona, mgongoni ana alama ya manjano kama fuvu la mtu. Acherontia atropos, kijana wangu alinitafutia jina. Huyo anaingia kwenye mzinga usiku, anapita katikati ya nyuki elfu na elfu, anadunga sega anafyonza asali anatoka. Na anapiga kelele! Ukimshika analia kama kipanya, nyie mnabishana nani kindi nani nondo mimi nina nondo anayelia kama mnyama. Nilipomshika mara ya kwanza nilimtupa nikasoma dua zote ninazozijua. Kibarua wangu akagoma kuja siku mbili akisema ametumwa. Nikamwambia aliyetumwa hawezi kunenepa hivi.

Wanasema ana harufu fulani inayowahadaa nyuki wasimtambue. Asipotambulika kwa nyuki, kwangu anatambulika, nimepunguza milango ya mizinga ikawa myembamba, nyuki anapita, yeye tumbo linakwama.

Bibi alikuwa anatuambia ule unga wa mabawa ya nondo ukiingia jichoni unapofuka. Mwalimu hilo nalo vipi?

Mwalimu Jioni

Mama shikamoo. Ule unga ni magamba, vigamba vidogo mno vimepangwa kama vigae vya nyumba, ndo vinampa rangi. Ukiingia jichoni utawasha kama vumbi lolote, osha na maji safi. Kupofuka hapana. Nadhani bibi alitaka tu msishike shike wadudu halafu mkala bila kunawa. Kuwasha kweli kuko kwa viwavi wenye manyoya, hao ndo wa kuwaogopa.

Na umenikumbusha jambo, huyo wako wa fuvu anasafiri kutoka Afrika mpaka Ulaya kila mwaka kwa mabawa yake. Mstaafu gani anavuka Sahara. Kwa hiyo nafuta kauli yangu, wastaafu ni wale wasio na mdomo, huyu wa mizinga ni dereva wa malori ya masafa.

Papa Kasongo

Bandugu, miye niko Lubumbashi, nawasoma tangu asubuhi na nasikia njaa. Ninyi munapima nondo na mizani, sisi tunamupima na sahani. Mbinzo ni nini? Ni watoto wa nondo, viwavi vya zile nondo kubwa. Mvua ikianza watu wanaingia pori kuokota, wanakausha, sokoni wanapima na kikombe, unakaanga na kitunguu na chumvi na pilipili, na bukari (ule ugali) pembeni. Ule mafuta Mdigo anasema nondo anaweka akiba ndani ya mwili, ni ule tunakula. Kindi naye watu wanamukula, lakini yule wa gramu 16 utamukula namna gani, ni kuharibu mafuta ya kukaangia.

Na huko Australia niliona kwa televizyo wenyeji wale wa tangu zamani nao wanakula buu za ndugu ya ule nondo, wanachimba kwa mizizi ya miti. Kumbe tuko pamoja.

Mdigo wa Queensland

Papa Kasongo ni kweli, wanachimba kwenye mizizi ya mti mmoja wa jamii ya mgunga huko jangwani katikati, buu ni wa jenasi hiyohiyo Endoxyla, aina nyingine. Nilionjeshwa waliochoma kwenye majivu. Nje kama ngozi ya kuku, ndani kama yai la kukaanga lenye korosho. Nilikula wawili. Wa tatu nilimkumbuka yule wa ghalani nikaacha.

Kibatari wa Moro

Swali la mwisho wakuu halafu nilale. Mikaratusi si ndo hii hii tuliyojaza huku kwetu, mashamba mpaka mashamba ya nguzo za umeme? Na Mdigo anasema buu lake linakaa kwenye mkaratusi. Sasa si watakuja?

Mdigo wa Queensland

Mkaratusi ulitoka huku ukaletwa huko kama mbegu. Mbegu ni kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, buu la miaka mitatu haliwezi kujificha humo. Mti ulikuja, mpangaji wake akabaki.

Duka la Vitabu Ilala

Mpangaji aliyebaki na funguo.

Hakimu wa Kijiweni

Haya, mahakama imerudi. Kwa kuwa mkataba unasema KUNA, kwa kuwa kindi wa gramu 16 na nusu ni mtu mzima sio kitoto, kwa kuwa Endoxyla ni nondo sio kipepeo, na kwa kuwa mkataba haukusema jinsia wala haukusema mayai yatolewe kwanza, shemeji ameshinda. Ila kwa kuwa ameshinda kwa tumbo la uzazi na sio kwa nguvu zake, na dume lingeleta sare, Kibatari anaweza kuomba soda zipunguzwe kwa hiari ya mshindi.

Kibatari wa Moro

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Nimemsomea shemeji uzi wote kuanzia juu. Kwenye lile la dume kuleta sare nikasita kidogo nione kama atalegea. Hakulegea. Kasema mayai ya nondo ni mali ya nondo kama tumbo langu lilivyo mali yangu, na likipimwa hakuna anayenitoa ugali kwanza.

Nimenunua. Muuza duka kanikatalia kreti bila chupa tupu, nikaenda kuazima chupa 24 kwa jirani ambaye naye kataka kujua kuna sherehe gani, nikaanza kumweleza habari za kindi wa Gabon akaniangalia akanipa chupa haraka haraka nikaondoka. Mke wangu ambaye ndo shahidi kachukua soda kumi za juu akasema ni ada ya shahidi, watoto wamemaliza sita, shemeji kanywa mbili analalamika ni za chungwa tupu.

Yule nondo wa juzi karudi jana usiku kwenye taa. Sijamgusa. Nilikaa namhesabia, alitetemeka kama dakika moja na nusu kabla ya kuruka.

fundi_mikonge

Chupa 24 za jirani umesharudisha au tumtume shahidi?